Aliyeilaza Ndiye Aiamshe

Ghala, Muscat

Baba yangu,

Shikamoo. Marahaba yako itachukua siku nyingi kunifikia, kwa hiyo nimeshajipokelea mwenyewe hapa hapa, maana sauti yako naijua. Vipi goti? Vipi Mama na kifua chake? Na yule jogoo wako mkorofi, bado anawakimbiza wageni au mmeshamla? Mimi mwili ni mzima. Nasema mwili kwa sababu hayo mengine siwezi kuyaapia.

Nimeshika kalamu kwa kuwa simu haitufai. Masikio yako yalikwenda na zile injini za shamba la mkonge, na ujumbe wa simu umekataa kuusoma, unasema herufi zake ni sisimizi. Barua hii anakuletea Hemedi, kijana wa Pangani, dereva wa hapa kazini. Amepata likizo. Mpeni chai nzuri, hana kosa lolote. Lakini jana nilipomwona anafunga begi lake, nilitoka nje nikajifanya natafuta spana.

Huku joto limeingia. Meli kubwa za watalii zimeacha kuja Bandari ya Sultan Qaboos, na ufuko wa Yiti, ambako arbabu, yaani tajiri wangu, hukodisha pikipiki za majini, umebaki mtupu. Kwa hiyo tumezibeba mashine zote mpaka karakana yetu ya Ghala, katikati ya magereji na mabohari, na mimi nimekuwa nikizilaza moja baada ya nyingine chini ya paa la bati, zisiwashwe tena mpaka joto lipite. Jasho linaingia machoni hadi huoni nati unayoifunga.

Nikueleze kazi yenyewe, maana barua isiyo na injini najua utaikunja katikati. Kwanza ni kutoa chumvi. Unaunga mpira wa maji baridi kwenye injini, lakini uiwashe kwanza ndipo ufungue maji, na ukimaliza ufunge maji kwanza ndipo uizime. Ukigeuza mpangilio, maji yanaingia yasikotakiwa na mashine umeiua. Kisha petroli. Ikikaa kwenye joto hili inageuka gundi, kwa hiyo tunatia dawa ndani ya tangi na kuiacha injini iungurume kidogo hadi dawa ifike kote. Oili ya zamani unaimwaga, unatia mpya. Unafungua plagi, unapuliza mafuta ya kulazia ndani ya silinda, unaizungusha injini mara chache ili yapake kuta zote, unarudisha plagi. Betri unaiweka rafuni. Ekzosi unaiziba kwa tambara, mijusi wasifanye nyumba.

Kitabu cha mashine hizi kimeandikwa na watu wa nchi za theluji. Nasikia injini kama hizi hufungwa pia kwenye pikipiki zao zinazoteleza juu ya barafu, na wao nao huzilaza joto likiingia, sawa na sisi. Tofauti ni kwamba wao joto likiingia wanafurahi.

Mwisho wa yote ni kitambaa chekundu kwenye usukani. Hicho hakimo kitabuni, Baba, hicho ni chako. Kila nikikifunga nakusikia: "Kitambaa chekundu maana yake mdomo umezibwa. Asiiguse mtu. Aliyeilaza ndiye aiamshe, maana yeye peke yake anajua ameficha nini ndani."

Na maneno hayo ndiyo yaliyonimaliza.

Mwaka wangu wa kwanza hapa, fundi mmoja aliyekuwapo wakati ule alitaka kuwasha mashine niliyoilaza mimi, na tambara bado limo kwenye ekzosi. Nilipiga kelele karakana nzima ikasimama. Arbabu akaja mbio. Anaitwa Bwana Nassor, wazee wake walitoka Unguja na Kiswahili chake kinaushinda wangu. Nikamweleza sheria yako, na jinsi ulivyoishika miaka yote kule kwenye mkonge bila injini kukufia. Nilijisikia mtu mkubwa siku ile! Akaipenda mno. Tangu hapo kila mgeni akija husimuliwa: "Huyu Saidi wangu, baba yake fundi khasa. Alomfundisha ni huyo."

Yule fundi mwenzangu aliondoka moja kwa moja, na wa kushika nafasi yake hakuletwa. Kwa nini aletwe?

Juzi nilifunga kitambaa cha mwisho. Bwana Nassor akaja na kahawa na haluwa kama kawaida yake, akapita katikati ya mashine akizipapasa, akasema kazi safi. Nikaona ndiyo saa yenyewe. Nikamwambia, "Bwana, mkataba wangu ulikuwa wa miaka miwili na sasa hiki ni kiangazi cha tatu. Baba yangu ni mtu mzima. Naomba nikamwone."

Akashusha kikombe. "Saidi mwanangu, nnakuelewa, wallahi nnakuelewa. Lakini si wewe mwenyewe ulonambia? Aloilaza ndiye aiamshe. Sasa mie fundi mwengine ntamtoa wapi? Nani atakuja kuzizungusha injini humu ndani zisigande? Subiri joto lipite, uziamshe, kisha tutazungumza, inshallah."

"Zikishaamka ndiyo msimu umeanza, Bwana. Hutaniachia."

"Basi zikishalala."

"Si ndiyo zimelala sasa?"

Akacheka, na hakucheka kwa ubaya. Akanisukumia sahani. "Kula haluwa, Saidi."

Nikala. Angenitukana ningepata pa kushika, ningegoma, ningekwenda kushtaki. Lakini mtu anakusifu, anakulisha kwa mkono wake, na ruhusa na tiketi vimo mfukoni mwake. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nimeingia na jembe langu na ngazi nimeiacha juu.

Nimekata tamaa, Baba. Sina namna nyingine ya kulisema. Zamani nilipowaambia "mwakani" nilikuwa naamini, hata nguo ya Mama nilishainunua na kuikunja. Siku hizi nikiamka natazama vile vitambaa vyekundu, vimejipanga mpaka ukutani, nami najiona kama nimevifunga mikononi mwangu. Hata kulia silii. Nalala, naamka, nazungusha injini, nakula, nalala.

Sasa jambo lililonifanya niandike. Wiki iliyopita Dada Zubeda alinipigia simu. Usimgombeze, alinieleza kwa uchungu. Anasema kila alfajiri ukitoka msikitini hupiti nyumbani, unakwenda kwenye kibanda cha mashine yetu ya kusaga na kukaa juu ya lile pipa. Ukiulizwa unasema unamsubiri fundi. Anasema shemeji Mwinyi alipotaka kufungua kitambaa aiwashe, ulimkimbiza na spana mpaka barabarani, goti lako na yote. Ukasema, "Aliyeilaza hajarudi." Watu wanapeleka mahindi yao mbali, na Mama, na kifua kile, ameanza kutwanga kinuni.

Nilipokata simu nilikaa chini. Nilikumbuka siku ile kabla sijaondoka, tulipoilaza pamoja kwa sababu ulikuwa huisikii tena inapougua. Kila kitu ulifanya wewe, lakini kitambaa ulinipa mimi nikifunge. Nilidhani umechoka kuinama. Sasa naelewa, ulitaka niwe na kitu cha kunirudisha.

Baba, hakikunirudisha. Kwa hiyo sikiliza, na uisome sehemu hii mara mbili.

Mimi niliyeilaza natoa ruhusa. Mwinyi aiamshe. Najua hajui kutofautisha spana ya kumi na tatu na ya kumi na saba, ndiyo maana utasimama naye. Kwanza afungue kitambaa. Kisha atoe tambara kwenye bomba la moshi, nililisukuma ndani sana, atumie waya. Dizeli yote ya zamani aimwage, atie mpya, atoe hewa kwenye bomba zake. Atie oili kijiko kimoja juu ya pistoni, anyanyue valvu, na aizungushe kwa mkono polepole mpaka uzito uishe. Asiwe na pupa. Ndipo apige hendeli kwa nguvu na kuiachia valvu. Na wewe usihangaike kuisikiliza. Weka kiganja chako juu ya silinda. Mkono wako utakwambia kama inaunguruma vizuri kuliko masikio ya Mwinyi.

Ukiitii ruhusa hii, Mama hatatwanga tena. Na wewe usikae tena kwenye pipa, umande si mzuri kwa goti.

Nisalimie Mama yangu, mwambie nguo yake Hemedi anayo kwenye begi. Nisalimie Dada Zubeda, msemaji wa nyumba, na mumewe Mwinyi, fundi mpya, na umwombe radhi kwa niaba ya spana. Nisalimie Bibi Mwanahawa, jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji, aje asage, asiogope. Atakayeuliza narudi lini, mwambie hilo sijaliandika.

Ile injini ikishika, Baba, usiitafute sura yangu mlangoni. Weka tu kiganja.

Mwanao niliyeilaza,
Saidi