Jina la Dhesi ku Uwanja wa Ndege

Neema mujukuu wangu,

Huku Mudzipela tuko muzima, mama yako amerudia kuuzisha samaki. Unauliza wanafunzi wako waone nini huku Bunia. Uwapeleke kuona ndege.

Siye pia, watoto wa shule ya Kilo, mwalimu alituleta na kamyo, wakati ya Zaïre. Mwenzetu Dhesi alibakia nyumbani na homa. Kando ya uwanja, ndege moja ya mukia nyekundu ikingojea kuruka, mwalimu akafanya apeli ya majina, akasahau Dhesi hayuko, akaita: “Dhesi!”

“Prezan!”

Sauti ilitoka nyuma yetu. Kule kulikuwa majani tu. Mwalimu akafunga kaye yake ya majina.

Tuliporudi Kilo tukamukuta Dhesi ku kitanda. Mbele tuseme kitu, akauliza: “Ile ndege ya mukia nyekundu ilisharuka?”

Basi mwanafunzi mwenye atabakia nyumbani, muite naye. Atakuwa anasikiliza.

Koko wako