Ingobyi ya Saida

Magarama, Gitega, Jumatano. Mvua haijakatika tangu alfajiri, na bega linauma kama ilivyo kawaida yake siku za baridi. Nimeamka na hasira na sijui nimtupie nani.

Jana mchana risasi zilisikika upande wa barabara ya Bukirasazi. Mtaa mzima ukaingia mbioni. Nikamwita binti yangu Saida aje nimbebe. Alinitazama, akanipita, akamkimbilia mama mkwe wangu aliyekuwa kibarazani. Bibi akainama, akampandisha mgongoni, akamfunga kwa ingobyi, ile nguo yetu ya kubebea mtoto, na tukakimbia. Mzee mwenye magoti mabovu mbele na mtoto, mimi kijana nyuma na sufuria.

Risasi ziliponyamaza tulirudi nyumbani.

Saida hajakosea. Mtoto anajua nani anaweza kumbeba.

Bega hili niliumia Gasorwe, kule Muyinga, kwa wakwe zangu. Siku hiyo pia tulikuwa tunakimbia. Niliteleza kwenye mteremko, Saida akiwa mgongoni, nikajigeuza nikaangukia bega ili nisimlalie. Halikuvunjika. Mama mkwe alinikanda kwa samli ya ng'ombe, na hata leo ambapo sina hamu ya kumsifu, nakubali kwamba vidole vyake vinaijua kazi. Maumivu yalipungua. Lakini kwao mkono uliokandwa hausogezwi, unalazwa. Kila akimaliza alinifunga mkono kifuani, na alinifunga kwa ingobyi ya Saida. Miezi ikaenda hivyo. Nilipokuja kufunguliwa, mkono ulikuwa haupandi kupita kifua.

Nguo ya kumbebea mwanangu ndiyo iliyoninyima kumbeba.

Vita vilipozidi kule tukahamia hapa Gitega, mama mkwe akaja nasi. Hospitali nikamkuta kine, mtu wa mazoezi ya viungo. Alilibonyeza bega huku akiuvuta mkono polepole, akanionyesha namna ya kutambaza vidole ukutani, na namna ya kushika fimbo kwa mikono miwili ili mkono mzima uusukume ule mgonjwa. Chumba chake kilijaa watu waliokatwa miguu, hakuwa na muda wa kunikanda kila siku.

"Mama mukwe akukande, iko muzuri," aliniambia. "Lakini akimaliza tu, bega ikiwa bado na moto, utembeze mukono. Moja bila ingine, ni bure."

Nilidhani mama mkwe angefurahi kusikia mikono yake inahitajika. Alinuna. Aliendelea kunikanda, ila kila nilipousogelea ukuta nilimkuta ameshika ingobyi. Alisema yeye anajenga, mimi nabomoa. Mume wangu ni fundi cherehani, kutwa anapima mabega ya watu, lakini la mkewe hakuliona. Aliniambia nimsikilize mama, ni mkubwa. Basi nikafungwa tena, mtu mzima, ili nyumba iwe na amani. Mazoezi nikayafanya kwa kujificha, bega likiwa limeshapoa. Yaliniuma mno, nikaacha.

Nimechoka kuwa mkwe mwema.

Leo asubuhi alipomaliza kunikanda akaichukua ingobyi kama kawaida. Nikamwambia, "Mama, leo hapana. Kama ni kunifunga, bora usinikande kabisa." Sijawahi kumjibu hivyo. Sikungoja aseme, nikasimama ukutani, samli ikinichuruzika hadi kwenye kiwiko, nikaanza kupandisha vidole. Nililia na sikuona aibu. Vilifika kwenye doa la moshi wa taa, mahali ambapo havijafika tangu tuhamie nyumba hii.

Nikahisi kiganja chake nyuma ya bega. Alikuwa amekuja kimya kimya, akalikandamiza bega lisipande shingoni, mkono ukapita lile doa.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Yeye anakanda, mimi napandisha, mpaka jasho likatutoka sote wawili. Hakuniomba radhi, wala sikutarajia. Mwisho akanirushia ingobyi kifuani. "Basi beba mutoto wako, we mwenyewe. Tuone."

Nikainama. Saida akapanda kwa kusitasita, nikaipitisha nguo juu ya bega, meno yakiumana, nikafunga fundo. Alikuwa mzito kuliko nilivyomkumbuka. Miezi yote hiyo amekua kwenye mgongo wa mtu mwingine. Nikaanza kuzunguka naye chumbani, nikijichekea peke yangu.

Ndipo akaniuliza sikioni, kwa upole kabisa, kama mtu asiyetaka kuniudhi:

"Mama, risasi ikikuja, bibi ndiye atanibeba, si ndiyo?"

Nikamwambia ndiyo.

Kesho nitakandwa, nitapanda ukuta, sitafungwa. Bega nimeshajua litarudi kwa njia gani. Na Saida, nimrudishe kwa zoezi lipi?