Bodi ya Kaka Yako Bado Inapumua

Ofisi ya Michoro,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa shemeji yangu, Bwana Seva,

Pokea salamu zangu na za binti yetu. U hali gani? Kile kifua kilichokuwa kinakubana kwa baridi ya ukumbi wa seva, zile kompyuta kubwa za kazini kwenu, kimetulia? Kaka yako alizoea kusema wewe ndiye mtu pekee anayevaa sweta kazini ili kompyuta zisisikie joto. Sisi huku ni wazima. Binti anakula vizuri, nami nimeanza kupata usingizi, ingawa bado nalala upande wangu wa kitanda tu.

Ujumbe wako wa mistari mitatu tuliupata, kwamba utatutumia kompyuta mpya nzima tuachane na hili kasha la zamani. Ahsante sana. Lakini nakuomba usiitume. Nitakueleza kwa nini, na humo ndani kuna jambo linalokuhusu wewe kuliko kompyuta.

Bila shaka unakumbuka siku kaka yako alipoinunua kompyuta hii. Alichagua bodi ya bei, ule ubao mkubwa unaobeba kila kitu, halafu akapachika juu yake prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ya chini kabisa dukani. Nilimsema sana. Nikamwambia amejenga ukumbi wa harusi akaweka kigoda kimoja. Akacheka, akasema, "Prosesa inabadilishwa, mke wangu. Mimi nimenunua njia ya kupitia." Kampuni ya prosesa aliyoishabikia ilikuwa imeahidi kutobadili soketi, lile tundu la kuipachikia, kwa miaka kadhaa. Unayoishabikia wewe, kwa maneno yake, ukipiga chafya tu soketi imeshabadilika.

Nawe ulikuwa unamjibu kwamba huko kazini kwenu hakuna mchezo wa kubembeleza bodi kuukuu, mnachomoa yote mnachomeka mpya, na kazi inasonga. Kila Jumapili saa kumi jioni, simu juu ya meza ya kuchorea, mimi nikikata karatasi huku mkirushiana maneno. Ningeweza kuhesabu siku za juma kwa ubishi wenu.

Kuna kitu hukuwahi kukijua. Kila kampuni yako ilipotoa prosesa nzuri, kaka yako alifurahi. Alikuwa anasoma habari zake kwa siri kisha ananiambia, "Usimwambie, lakini safari hii wamefanya kazi. Afadhali. Hao wakilala, na hawa wangu watalala." Nimelifikiria sana neno hilo tangu nibaki peke yangu. Kumbe hakuwa anataka kukushinda ukanyamaza.

Sasa nije kwenye mkasa wenyewe. Binti anachora kwa kompyuta hii wodi ya wazazi ya zahanati moja, na kila picha ya jengo ilikuwa inachukua dakika hamsini kutoka. Daktari anayeisimamia alitaka kuziona Ijumaa. Tukaenda kwa mwenye duka la kompyuta. Akatuuzia prosesa iliyotumika, akisema ndiyo kubwa ya mwisho ambayo bodi yetu inaikubali. "Hapo, mama, soketi yako imefika mwisho wa barabara," akasema.

Tukaamua kuifunga wenyewe. Nilimwona baba yake akifanya mara nyingi, nikajiona fundi. Tukafungua ubavu wa kasha, tukauegemeza ukutani, tukaitoa ya zamani, tukaweka mpya, tukapaka ile dawa nyeupe inayofanana na dawa ya meno. Nikawasha. Feni zikazunguka. Skrini ikabaki nyeusi.

Tukazima, tukawasha. Nyeusi. Shemeji, nilikaa sakafuni. Si kwa sababu ya wodi. Niliona nimekizima kwa mikono yangu kitu cha mwisho alichokijenga. Binti akaniinamia akasema, "Mama, si tumwambie tu baba mdogo aitume ile mpya?" Nikamwambia sawa, tutamwambia.

Nikachukua ule mfuniko wa ubavuni ili nilifunge kasha. Ndipo nikaona maandishi upande wa ndani. Unamjua kaka yako, mtu wa kuandika kila mahali. Hata nyuma ya mlango wa kabati aliandika tarehe tuliyobadilisha taa. Hapo alikuwa ameorodhesha kila kitu, siku alipoiongezea kompyuta kumbukumbu, siku alipobadili feni. Chini yake: "Siku ya prosesa mpya: kwanza ifundishe bodi kumjua mgeni, ya zamani ikiwa bado ndani. Ukianza kwa kuitoa, utaona giza. Usiogope. Irudishe."

Tukairudisha. Ikawaka kama haijawahi kuguswa. Binti akaipakia programu mpya ya bodi, ndiyo somo lenyewe, kwa flashi, kisha tukaweka mgeni. Sasa picha inatoka kwa dakika kumi na nne. Daktari ameziona na ameongeza dirisha. Prosesa ya zamani nimeihifadhi kwenye kikasha cha miwani yake.

Chini kabisa ya mfuniko kulikuwa na mstari mwingine. Nakunakilia kama ulivyo: "21 Julai. Bwana Seva anasema mimi na bodi hii tutazikwa kaburi moja. Nimecheka mpaka nimemwagia mchoro chai. Ngoja nitamwonyesha!"

Wiki tatu baadaye moyo wake ulisimama. Nilikuona siku ya mazishi, ulivyosimama nyuma ya watu wote na kuondoka bila kuaga. Ni mwezi wa saba sasa hupigi simu, na sikuwa na haja ya kuuliza sababu; ni lile neno la kaburi. Lakini mchoro wenye doa la chai uko hapa kwenye rafu. Neno lako hilo kwake lilikuwa kicheko, shemeji. Usilibebe tena kama jiwe.

Nina shida moja tu. Bodi hii imefika mwisho, na miaka michache ijayo lazima tuanze na nyingine. Kampuni yako au yake, sijui. Binti tayari anaipigia debe ya kwako. Kwa hiyo Jumapili ijayo, saa kumi, simu itakuwa juu ya meza ya kuchorea. Mimi nitakaa kwenye kiti chake na kumjibia. Nimesoma, na usidhani nitakuonea huruma.

Msalimie mkeo na mapacha. Binti anasema umlindie ile sweta, anaitaka. Mungu akupe kifua chepesi na usingizi mzuri, na azidi kumlaza pema mtani wako.

Ni mimi akupendaye, na mpinzani wako kuanzia leo,

Shemeji yako.