Tangazo kwa Wakazi wa Nyumba Hii

Tarehe 3 Februari

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Na kile kikohozi cha vumbi la karakana kimekuachia? Sisi huku tu wazima. Baba yako naye mzima, anakula, analala, ndevu ananyoa mwenyewe.

Nina swali, na ujibu swali, usiniletee mengine. Nataka kununua printa ya kuweka nyumbani, ya bei ya watu kama sisi. Nimepita madukani nikazikuta zimepangwa rafu nzima kama masufuria, na muuzaji ananimwagia maneno, hii ina hiki, ile ina kile, mpaka nikatoka kichwa kinaniuma. Wewe unashinda na mashine. Niambie ninunue ipi.

Kompyuta uliyoniachia bado inafanya kazi. Naandika kwa kidole kimoja, ndiyo maana barua pepe zangu ni fupi. Sijanuna.

Mama yako


Tarehe 5 Februari

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Na ya baba umfikishie, mwambie namkumbuka sana. Kikohozi kimekwisha. Kazi ipo, wiki hii tunachomelea mabodi ya mabasi, narudi nyumbani macho mekundu kama nimelia.

Mama, printa? Wewe na printa wapi na wapi! Usiniambie umeacha cherehani na sasa unafungua steshenari. Au kuna mtu unamwandikia barua za mapenzi na baba hajui?

Haya, utani pembeni. Kama ni kuchapa kitu kimoja kimoja, chukua ile ndogo ya wino wa maji, yenye rangi. Bei yake ni rahisi na utaweza kuchapa hata picha. Lakini kwa karatasi mbili tatu, duka la fotokopi si lipo hapo kona? Niambie unachapa nini, nijue la kukushauri.

Halafu baba hapokei simu zangu siku hizi. Kanikasirikia nini?

Mwanao


Tarehe 2 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi, natumaini u mzima. Nimekaa kimya muda mrefu, na si kwa kukosa nafasi. Nilikuwa natafuta namna nzuri ya kulisema hili, sijaipata, basi nalisema hivi hivi.

Baba yako anasahau. Sisemi kusahau miwani, hiyo hata mimi nasahau. Daktari amesema ni ugonjwa wa kumbukumbu, na kwamba hakuna kurudi nyuma, ni kusonga mbele tu. Ulianza mwaka jana. Hajakukasirikia hata kidogo. Simu ikilia anaiangalia, hajui ni kitu cha kufanyia nini.

Sasa printa. Unamjua baba yako kazini alivyokuwa. Miaka yote ya ukarani yeye ndiye aliyepiga chapa matangazo ya ofisi akayabandika ubaoni, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuyatii. Hilo halijamtoka. Nikimwambia kwa mdomo kwamba choo ni mlango wa kushoto, ananiuliza nani kanipa mamlaka. Nikiandika kwa mkono nikabandika, anabandua. "Huu ni mwandiko wa mtu binafsi," anasema. Lakini watu wa maji walipobandika getini tangazo lao la kupigwa chapa, kwamba kila bomba lifungwe vizuri, alivaa miwani akalisoma mpaka mwisho, kisha akazunguka nyumba nzima akikaza mabomba. Tangu siku hiyo yanatushinda kufungua.

Nikaenda kwenye hilo duka lako la kona. Dada wa pale akaisoma karatasi yangu kwa sauti mbele ya wateja: "Choo ni hapa. Usikojoe kwenye ndoo." Watu wakacheka. Akaniuliza, "Mama, umepangisha wageni gani hao?" Nikacheka nao. Nilipofika nyumbani nililia. Karatasi ya pili sikuipeleka, na sitaipeleka kwa mtu yeyote. Inasema: Mwanamke huyu ni mkeo. Anaishi humu.

Maana chumbani amenitoa. Hanifukuzi kwa ubaya, ananiambia kwa adabu zake zile zile, "Mama, mke wangu akirudi hatapenda kukukuta hapa." Nalala chumba cha cherehani, kwenye godoro la wageni. Sitaki apelekwe popote, wala mimi sihami. Nataka kurudi chumbani kwangu, kwa mume wangu. Niambie ninunue ipi.

Mama yako


Tarehe 3 Machi

Mama,

Shikamoo, na pole. Barua yako nimeisomea karakanani, nikashindwa hata kushika kifaa, msimamizi akaniambia niende nyumbani. Mama, mwaka mzima! Mimi nakutania habari za barua za mapenzi na wewe unalala na cherehani. Nina hasira na sijui nimkasirikie nani, kwa hiyo najibu ulichouliza.

Futa yote niliyosema kuhusu wino wa maji. Mashine ile ikikaa siku nyingi bila kazi wino unakauka kwenye vitundu, na karatasi yake ikiguswa na mkono wenye maji maandishi yanachuruzika. Baba akitoka bafuni ataishika, halafu atakwambia tangazo limeharibika. Nunua ya leza. Hiyo inatumia unga, unayeyushwa kwa moto na kugandishwa kwenye karatasi. Haukauki, hauchuruziki. Chukua ya nyeusi tupu, rangi achana nayo. Usikubali kuuziwa yenye kunakili wala ya kufanya kazi bila waya, vyote hivyo ni kukupandishia bei. Waya mmoja mpaka kwenye kompyuta unatosha.

Dada wa ofisini kwetu, ambaye printa yake imejaa vumbi la chuma na bado inachapa, anasema kabla ya kuuliza bei ya mashine uliza bei ya tona, yaani kile kikopo cha unga. Zipo mashine rahisi ambazo tona yake inakaribia bei ya mashine nzima, utajuta. Uliza kama mafundi wa hapo wanaijaza ikiisha. Ukipata iliyokwisha kutumika usiiogope, ila waichapishe mbele yako. Ukiona mstari mweusi unaoshuka kutoka juu hadi chini, au karatasi ina kivuli cha kijivu, iache hapo hapo. Na ichomeke ukutani moja kwa moja. Inapopata moto inavuta umeme mwingi.

Nije, mama? Sema neno moja tu.

Mwanao


Tarehe 21 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mimi leo sijambo kwelikweli.

Nimeipata. Ilikuwa ya ofisi moja ya wakili iliyohama. Sura yake mbaya, imepauka, mlango wake wa mbele unashikwa na selotepu, lakini niliichapisha mbele ya muuzaji mpaka akaniuliza kama mimi ni fundi. Tona inajazwa hapa hapa mtaani. Ikianza kazi taa ya sebuleni inafifia kidogo na yenyewe inaguna, kisha karatasi inatoka.

Baba yako aliposikia mguno ule alitoka chumbani, mikono nyuma, akasimama. Nikampa lile tangazo la mke. Akalisoma, akanirudishia. "Halina tarehe. Tangazo lisilo na tarehe ni karatasi tu." Mwanangu, nilitamani kumkumbatia! Nikaweka tarehe, nikachapa upya. Akalisoma tena, akalibandika mwenyewe kwenye mlango wa chumba, akabonyeza kona zote nne kwa kidole gumba. Halafu akafungua mlango, akasogea pembeni anipishe. "Karibu ndani, mama. Uniwie radhi, sikuwa na taarifa."

Nimelala kitandani kwangu. Ameniachia upande wangu ule ule wa ukutani.

Tangazo jingine, la viatu kuvuliwa mlangoni, linatiiwa mno. Jana daktari alikuja kumpima, akaingia na soksi zenye tundu. Usije kwanza, mwanangu, acha atulie.

Mama yako


Tarehe 1 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Ameniondoa tena.

Asubuhi alisimama mlangoni, akasoma, akatikisa kichwa. "Hili ni la mwezi wa tatu. Sasa tumeingia mwezi mwingine. Muda wake umekwisha." Akanikabidhi kanga zangu, zimekunjwa vizuri. Nami nikampigia kelele. Miaka yote ya ndoa sijawahi kumpigia kelele namna ile. Nilimwita mjinga. Aliogopa, akakaa kwenye kiti cha jikoni mikono juu ya magoti, na hakuniuliza kitu mpaka mchana. Naona aibu, nashindwa hata kumtazama. Sijui kama nitaliweza hili.

Mama yako


Tarehe 2 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo, na pole sana. Usijihukumu. Umechoka, na aliyechoka hupiga kelele. Mimi huku napiga kelele kwa sababu ya misumari.

Chini ya kila tangazo ongeza mstari huu: "Tangazo hili litaendelea kutumika hadi litakapotolewa jingine." Ni lugha yake mwenyewe, atalikubali.

Na mimi nakuja, sikuombi ruhusa tena. Nimepata likizo, nafika Jumamosi tarehe 24. Naomba unichapie na mimi la kwangu. Andika kwamba atakayefika ni mwanao, weka na picha yangu. Naogopa, mama. Naogopa kugonga mlango wa kwetu aje kuniuliza nina miadi na nani, na mimi nisijue la kujibu.

Mwanao


Tarehe 20 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Hujambo, na matayarisho ya safari yanaendaje? Beba nguo nzito, asubuhi kuna baridi.

Mstari wako umekubaliwa, nimerudi chumbani. Ila kusoma nako kunaanza kumpa tabu. Siku hizi anafuata neno moja moja kwa kidole.

La kwako nilichapa ulivyoniagiza, nikaweka na picha. Alilisoma polepole, akarudia. Akaniuliza, "Nina mtoto?" Nikamwambia, unaye, tena mmoja tu. Kisha akauliza, "Na yeye anajua kwamba sijui?" Nikamwambia anajua. Akakaa nalo mkononi muda mrefu, nikadhani amekwisha kulisahau.

Akalikunja akanirudishia. "Hili limeelekezwa kusiko. Anayehitaji taarifa si mimi, ni yeye. Kaa hapo uandike." Akasimama nyuma ya kiti changu, mikono nyuma, akaanza kunitajia maneno kwa ile sauti yake ya ofisini. Nilikuwa naandika kwa kidole kimoja na yeye ananingoja, hakuniharakisha hata mara moja. Sikubadilisha neno. Tulipofika mwisho nikamuuliza, niandike limetolewa na nani? Akafikiri, akafikiri, nikaona jasho linamtoka. Akaniuliza, "Mimi ni nani kwake?"

Nikamwambia.

"Basi andika hivyo," akasema.

Nimelibandika mlangoni, upande wa nje. Lakini nakutumia ulisome mapema, ulie huko huko, ufike hapa umemaliza.

Mama yako


TANGAZO

Tarehe 20 Aprili

Kwa: Mtoto anayetarajiwa kufika Jumamosi

Unatangaziwa kwamba mwenye nyumba hii amepatwa na upungufu wa kumbukumbu. Upungufu huo haukutokana na kosa lako.

Ukifika, usimuulize kama anakujua. Jitaje, ingia, keti karibu naye. Akikuuliza tena wewe ni nani, jitaje tena, wala usikasirike.

Unaombwa usiondoke mapema.

Limetolewa na:

Baba