Sauti Yangu Ikiwa Hewani

Jumatatu, 14 Oktoba
Mwanangu Safi anatolewa nyumbani kila mchana, nikiwa hewani. Amesema Apollinarie, jirani wa ng'ambo ya njia. Nilimwuliza ana kisa gani na yaya wetu, Noella. Akacheka. Hana kisa, na anayemtoa mtoto hamjui.
"Mama Safi, minye niko naona tu. Ukianza kusoma habari mu radio, mulango inafunguka."
Shahidi mmoja. Haitoshi.

Jumanne, 15 Oktoba
Noella anasema mtoto alikula, akalala. Majibu ya haraka mno. Lakini nywele za Safi zimesukwa upya, na Noella hajui kusuka. Eti jirani ndiye aliyesuka. Apollinarie anakana.
Redio iko dirishani. Niliinunua mimi, ili mtoto asikie sauti ya mama yake. Kumbe sauti hiyo ndiyo inayowaambia kwamba siwezi kutokea!

Jumatano, 16 Oktoba
Mezani, Déo — mume wangu — ameniomba nisimfukuze Noella. Ni msichana mzuri, anasema.
Sikuwa nimetaja kumfukuza mtu. Sikuwa nimemwambia Déo lolote.

Alhamisi, 17 Oktoba
Vainqueur, fundi wa studio, amekubali: kesho tutarekodi taarifa ya mchana mapema. Waheshimiwa wanaosafiri ndio hurekodi mapema; aliuliza kama nami nimekuwa mmoja wao. Nikasema nina kazi ya nje. Si uongo.

Ijumaa, 18 Oktoba
Nilikaa nyuma ya pazia la Apollinarie. Sauti yangu ikaanza — barabara ya Luvungi, malori yamekwama. Mlango ukafunguka.
Noella alibaki kizingitini. Aliyetoka na Safi ni Sabine, dada wa Déo, na mfuko wa nguo za mtoto begani.
Nikavuka njia. Sabine alinitazama, akatazama redio dirishani. Bado nilikuwa nasoma.
"Weye si uko mu kazi?"
"Niko kazini."
Hakuona haya. Kaka yake ndiye aliyemwomba: Safi azoee kwanza kwake Kimanga, kwenye nyumba isiyokosa mtu, kisha ahamie. Nikauliza, lini? Sabine akaupandisha mfuko begani. Noella akatazama chini.
Alijibu Safi.
"Dimanche, mama. Kule iko na kitanda yangu."
Jumapili. Keshokutwa.
Nimempakata, ndiyo maana mwandiko huu mbaya. Mfuko nimeubakiza. Sabine ameketi uani, hataki kuondoka, anamsubiri kaka yake.
Déo anarudi kutoka Kiringye saa kumi na mbili. Saa hiyo nina habari za jioni. Hizo hatukuzirekodi.