Konseri ya Neema mu mvua

Mama Neema mupenzi,

Nakusalimia toka Bunia, koti yangu ingali inanuka mvua. Unajua nilikuja huku na nia moja: kumutoa Neema mu shule ile ya musiki, akasomee ualimu pahali pengine, hata kama weye ulikataa.

Jana muchana walifanya konseri. Wimbo wa pili haukufika katikati, mvua ikaanguka juu ya bati kwa nguvu, hatukusikia tena sauti hata moja. Watoto walikuwa wanafungua midomo tu. Prefe, mukubwa wa shule, akainua mukono: tuache. Ni pale Neema alitoka mu mustari, akavuta ngoma kubwa, akaanza kuipiga mpaka kifua changu kikatetemeka. Kwaya ikarudilia wimbo kwa sauti ya juu. Wazazi wote tukasimama, na prefe mwenyewe akaanza kucheza.

Mama mumoja kando yangu akanipigia kelele mu sikio: "Ule binti iko wa nani?"

"Iko wangu!" Nilijibu kwa sauti kubwa ya furaha mpaka watu wakageuka.

Kisha nilimuambia Neema abaki palepale mu shule. Akanikumbatia na mikono yake yenye kuvimba kwa kupiga ngoma. Weye ulikuwa na haki toka mwanzo. Miye nilikuwa kichwa nguvu.

Usalimie wadogo wake. Na jirani yeyote akiuliza habari, umuambie siye tuko na mupiga ngoma mu nyumba. Mungu akulinde, kipenzi changu.

Papa Neema