Santuri ya Mwisho ya Abti

Dada Bishara mpendwa,

Asalaam aleikum. Naomba unisaidie, maana nina shukrani mpaka imenikwama kooni. Naitwa Hirsi, dalali wa mbuzi hapa soko la Garissa, na zamani nilikuwa na mbuzi wangu mwenyewe kule Bura mpaka ile mvua ya El Nino na ugonjwa uliofuata vikawafagia wote, wallahi hakubaki hata mmoja wa maziwa ya mtoto, ndipo abti Abdullahi, mjomba wa mke wangu Deka, aliyekuwa baharia wa meli za Waingereza na kila bandari alinunua santuri za jazi, akaniita, akafungua sanduku, akasema, "Hirsi, hawa ndio ngamia wangu, kamua ulishe watoto."

Nilicheka, nani atanunua kelele za tarumbeta, kumbe shemeji yangu Abdilatif aliye Toronto anaweza kuziuza kwa mnada wa kwenye kompyuta, na mnada huo, dada, si kama wetu wa kubonyezana vidole chini ya shuka jirani asijue bei, huko kila mtu anaona mwenzake ametaja ngapi na bei inapanda mpaka muda uishe, na santuri isiyo na mikwaruzo, jalada lake halijachanika, inaleta bei ya ndama, basi tumeuza moja baada ya nyingine, watoto wako shule, Deka ana kibanda cha chai, alhamdulillahi, sijui nimlipe nini mzee huyu. Kila nikienda kuchukua moja huipiga kwanza kwenye gramafoni yake ya betri, ananiambia, "Kaa, tusikilize," nami namwambia abti, posta inafunga, nasimama mlangoni na karatasi ya kufungia.

Sasa imebaki moja. Abdilatif amepiga simu duka la jirani, anasema nyingine kama hiyo imenunuliwa juzi kwa bei ya ngamia watatu, eti ni toleo la kwanza, niitume upesi, na mzee mwenyewe amesema chukua, lakini Deka aliponiona nikiifunga alilia, akaniuliza sasa gramafoni itapiga nini, nami nikakasirika kwa sababu kwa pesa hizo ningerudi Bura nikawa mtu tena. Nikikataa, mzee ataona nimedharau zawadi yake. Nikiuza, Deka hatanisamehe. Nifanyeje?

Hirsi, Garissa

Ndugu Hirsi,

Waaleikum salaam. Barua zinazonifikia hapa nyingi ni za watu waliotendewa ubaya. Yako nimemsomea mama yangu na sote tumemwombea dua huyo mzee. Asante kwa kuniandikia. Sasa niache nikukaripie.

Wewe ni mtu wa mifugo. Aliyepoteza wanyama wake akiazimwa ngamia wa maziwa na jamaa, anakunywa maziwa, ngamia hamchinji. Wewe umeshachinja karibu kundi zima, kwa ruhusa ya mwenyewe, sawa. Huyu wa mwisho mwachie!

Eti hujui umlipe nini. Jamani, Hirsi! Mzee amekwambia kwa mdomo wake, tena na tena, na jibu lako ni kwamba posta inafunga. Posta itafunguliwa kesho. Huyo bwana ana umri gani?

Na Deka usimkasirikie, ameona usichokiona. Kurudi Bura ni haki yako, lakini rudi polepole, na majike machache ya jasho lako na la kibanda cha chai. Aliyelisha watoto wake wakati mgumu namna ile ameshakuwa mtu, hahitaji ngamia watatu wa kumpa jina.

Kwa hiyo simu ya Toronto ikija, mshukuru shemeji yako na umwambie haiuzwi. Haijaingia mnadani, hakuna mnunuzi uliyemvunjia neno. Kesho baada ya Alasiri mrudishie mzee, uende na Deka na watoto. Atafoka, atakuita mjinga aliyetupa mali. Mwache afoke. Usimwambie unamwonea huruma, wala usimpe hotuba ya shukrani. Mwambie ukweli: kwamba bei ya kila santuri uliyoiuza unaijua kwa kichwa, lakini hata moja hujawahi kuisikia mpaka mwisho, na unamwomba aipige hii.